Maisha ya wageni mjini Guangzhou: soko, meza ya chai na matembezi

Baadhi yenu mmekuwa mkituuliza swali ambalo ni fupi, lakini jibu lake ni refu: mtu wa nchi ya nje akifika katika mji wa China anaishije, anakula nini, na siku ya mapumziko anakwenda wapi? China ni nchi kubwa na miji yake haifanani. Kwa hiyo leo tumechagua mji mmoja tu, nao ni Guangzhou, mji mkuu wa mkoa wa Guangdong ulioko kusini mwa nchi hiyo. Tumeuchagua kwa kuwa ni mmojawapo wa miji ya China inayotajwa sana na wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh, Mombasa na Lubumbashi, ingawa wengi wao wanalijua zaidi soko lake kuliko mji wenyewe.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa watu hao. Nilipofika Guangzhou kwa mara ya kwanza kurekodi vipindi, nilifuatana na wafanyabiashara kwa wiki nzima. Asubuhi tulitoka hotelini kwenda kwenye majengo ya nguo na mabegi, mchana tulikwenda kwenye maghala ya mizigo, na jioni tulirudi hotelini. Nilikula mkate, ndizi na mayai ya kuchemsha, kwa kuwa sili nyama ya nguruwe na sikujua kuulizia chakula kingine. Siku ya nne nilijikaza, nikaingia katika duka la tambi. Nilikuwa nimejifunza maneno mawili, mian, yaani tambi, na rou, yaani nyama. Niliagiza tambi kwa nyama, nikaona fahari. Bakuli lilipoletwa shaka ikaniingia, nikamuuliza mwenye duka kwa kulia kama ng'ombe, kisha kama mbuzi. Alitikisa kichwa mara zote mbili, kisha akakoroma kama nguruwe. Duka zima lilicheka, nami nikacheka. Aliliondoa bakuli lile, akaniletea jingine lenye mayai na mboga, wala hakunidai fedha ya lile la kwanza.

Siku ile ndipo nilipofahamu jambo ambalo ndilo msingi wa maelezo yetu ya leo: mjini Guangzhou kila desturi ina sababu yake, na mgeni anayeijua sababu hupata nafuu kubwa kuliko mgeni mwenye fedha nyingi. Katika lugha ya Kichina, neno "nyama" likitajwa peke yake huchukuliwa kuwa ni nyama ya nguruwe, kwa sababu ndiyo inayoliwa zaidi. Ukitaka nyama nyingine ni lazima umtaje mnyama: niurou ni nyama ya ng'ombe, yangrou ni ya mbuzi au kondoo, na jirou ni ya kuku.

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kukaa mezani, kwanza tuuangalie mji wenyewe. Guangzhou uko kwenye kingo za Mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Hong Kong. Sensa ya mwaka 2020 ilionesha kuwa wakazi wake walikuwa zaidi ya milioni 18. Mji huo umekuwa bandari kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na tangu mwaka 1957 maonesho makubwa ya biashara yamekuwa yakifanyika huko kila mwaka katika majira ya mchipuko na ya mpukutiko. Wakati wa maonesho hayo bei za vyumba vya hoteli hupanda sana, kwa hiyo mtu asiye na shughuli nayo ni heri achague mwezi mwingine.

Wafanyabiashara wa Afrika walianza kuongezeka huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Msukosuko wa fedha uliozikumba nchi za Asia mwaka 1997 uliwafanya baadhi yao waondoke Bangkok na Jakarta na kuifuata bidhaa mahali inapotengenezwa. Walikaa zaidi katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Mpaka leo ukipita Xiaobei utasikia Kiarabu, Kifaransa, Kilingala, Kisomali na Kiswahili, na utapata wali na nyama ya mbuzi karibu kama nyumbani. Mtaa huo humpokea mgeni vizuri. Lakini mtu anaweza kukaa humo miaka kumi bila kuwa na jirani Mchina hata mmoja anayemjua kwa jina.

Jambo la kwanza ambalo mgeni anatakiwa kulishughulikia ni hati zake. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai mwaka 2013, inaagiza kuwa mgeni anayelala mahali pasipokuwa hoteli aandikishwe polisi katika muda wa saa 24 tangu alipowasili. Anayekaa hotelini huandikishwa na hoteli yenyewe. Anayepanga nyumba au kukaa kwa rafiki hana budi kwenda yeye mwenyewe au pamoja na mwenyeji wake. Asiyefanya hivyo anaweza kuonywa au kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Kuzidisha siku za viza ni kosa kubwa zaidi, ambalo faini yake ni yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia yuan 10,000, au mtu anaweza kuwekwa kizuizini. Aidha, kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anatakiwa kuwa na pasipoti yake anapotembea. Kuiacha chumbani ili isipotee ni mazoea ya wengi, lakini polisi akikusimamisha njiani, mazoea hayo si udhuru.

Jambo la pili ni simu. Google na WhatsApp hazipatikani katika mtandao wa China, hivyo mtu anayetegemea WhatsApp kuzungumza na familia yake atajikuta kimya siku ya kwanza. Wachina hutumia WeChat kwa maongezi, kwa biashara na kwa malipo, na ni vizuri familia iliyobaki nyumbani nayo iwe nayo kabla ya safari. Kuhusu malipo, muuza viazi vitamu wa barabarani naye hulipwa kwa simu. Zamani hilo liliwasumbua wageni wasio na akaunti katika benki za China, lakini tangu mwaka 2023 imekuwa rahisi kuunganisha kadi ya benki ya nje na Alipay au WeChat. Fedha taslimu bado ni halali na muuzaji hapaswi kuzikataa, ingawa huenda asiwe na chenji. Jambo la kumfurahisha mgeni ni kuwa mhudumu wa mkahawa wala dereva wa teksi hatarajii bakshishi. Na nambari tatu zinafaa kuhifadhiwa moyoni: 110 ya polisi, 119 ya zimamoto na 120 ya gari la wagonjwa.

Sasa tukae mezani. Kwa wasikilizaji wanaofuata chakula cha halali, alama ya kutafuta ni maneno mawili ya Kichina yanayosomwa qingzhen, mara nyingi yakiwa yameandikwa kwa rangi ya kijani mlangoni. Mikahawa ya namna hiyo inayopatikana karibu kila mtaa ni ile ya tambi za Lanzhou zenye nyama ya ng'ombe, ambayo wenyewe wengi ni Waislamu wa makabila ya Wahui na Wasalar kutoka mikoa ya Gansu na Qinghai. Mpishi huuvuta unga kwa mikono, akaukunja na kuuvuta tena mpaka utoke nyuzi nyembamba, na yote hayo huyafanya mbele ya macho yako. Bakuli moja humshibisha mtu kwa bei nafuu.

Lakini mlango wa Guangzhou wenyewe uko kwenye chai ya asubuhi. Watu wa huko husema wanakwenda "kunywa chai," na mgeni hudhani wanakwenda kunywa kikombe kimoja na kuondoka. La hasha. Kunywa chai ni kukaa saa mbili au tatu, pamoja na vitafunio vidogo vinavyoletwa katika vikapu vya mianzi vinavyotoka mvuke. Kuna kamba waliofungwa katika ngozi nyembamba ya unga, maandazi yaliyopikwa kwa mvuke, karatasi laini za unga wa mchele zilizokunjwa, mikate ya figili, miguu ya kuku, na vikombe vidogo vya unga vyenye mayai na sukari. Asiyekula nguruwe awe na hadhari, kwa maana maandazi mengi hutiwa nyama hiyo, na baadhi ya vitafunio vya unga hutengenezwa kwa mafuta yake. Mjini humo kuna nyumba za chai za siku nyingi, mojawapo ikiwa ni Taotaoju iliyoanzishwa mwaka 1880.

Katika juma langu la pili niliingia katika nyumba moja ya chai katika mtaa wa Liwan. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na viti vyote vilikuwa vimejaa. Mhudumu alinikalisha katika meza ya mzee mmoja na mkewe bila ya kuwaomba ruhusa, na wao hawakuonesha mshangao, kwani kuchangia meza na mtu usiyemjua ni jambo la kawaida huko. Kwanza niliulizwa nitakunywa chai gani, kwa sababu chai ndiyo inayotangulia na hutozwa kwa idadi ya watu. Kisha nikaona watu wakisuuza vikombe na vijiti kwa chai ya moto ya mwanzo. Nilidhani wanalalamikia usafi, kumbe ni mazoea tu ambayo hata mkahawa safi kabisa hauyaepuki.

Maji ya birika langu yaliisha. Niliinua mkono, nikaita, nikainua mkono tena, na hakuna aliyekuja. Yule bibi aliniangalia kwa muda, kisha akanyoosha mkono, akafunua mfuniko wa birika langu na kuuweka upande. Haikupita dakika moja, mhudumu alipita na kulijaza maji ya moto. Mfuniko uliofunuliwa ndiyo lugha ya kuomba maji, na hakuna haja ya kupaza sauti. Mzee alipochukua birika lake na kunimiminia kikombe, niliinuka nusu ili kumshukuru. Akacheka, akanionesha namna ya kugonga meza taratibu kwa vidole viwili. Wenyeji husimulia kuwa mfalme Qianlong wa Enzi ya Qing, aliyetawala katika karne ya 18, alikuwa akisafiri kwa kujificha, na siku moja aliwamiminia chai watumishi wake. Wao hawakuweza kupiga magoti hadharani bila ya kumfichua, ndipo walipokunja vidole vyao juu ya meza badala ya magoti. Iwe hadithi hiyo ni kweli au la, vidole viwili humtosha mtu kushukuru bila ya kuyakatiza mazungumzo.

Kwa Kiswahili changu na Kantoni yao hatukuweza kuzungumza mengi. Lakini tulikaa pamoja kwa saa nzima, tukioneshana picha za watoto katika simu, na walipoondoka nilijua mahali pa kukaa kesho yake. Hilo ndilo lililokosekana katika wiki yangu ya kwanza, na hakuna ghala linaloliuza.

Kuna mambo mengine madogo ya mezani yanayofaa kujulikana. Usisimamishe vijiti wima katika bakuli la wali, maana vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya marehemu. Maji ya bomba hayanywewi bila ya kuchemshwa, na ndiyo sababu kila mahali utapewa maji ya moto, hata siku ya joto kali. Ukialikwa, usishangae kuwaona wenyeji wakigombania kulipa bili, kwani kwao mwenye kualika akimwachia mgeni wake kulipa huona amepoteza heshima. Na ukipita karibu na vibanda vinavyouza chai nyeusi ya mitishamba iitwayo liangcha, inayoaminiwa kuupoza mwili katika joto lenye unyevunyevu, onja mara moja. Ni chungu kama mwarobaini, na wenyeji watakuheshimu ukimaliza kikombe.

Kuhusu lugha, wenyeji huzungumza Kikantoni, ingawa karibu kila mtu anafahamu Kichina sanifu. Kikantoni kina shukurani za aina mbili. Aliyekusaidia, kama vile mhudumu au mtu aliyekufungulia mlango, huambiwa m'goi. Aliyekupa zawadi au kukukirimu huambiwa doje. Mgeni akizitumia mahali pake, uso wa anayemsikiliza hubadilika mara moja.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya kula ni vizuri kutembea. Guangzhou ina garimoshi la chini ya ardhi tangu mwaka 1997, na nauli yake huanzia yuan 2. Kituo kizuri cha kuanzia ni Bustani ya Yuexiu, isiyo mbali na Xiaobei. Humo mna sanamu ya mbuzi watano iliyojengwa mwaka 1960. Hadithi inasema kuwa zamani za njaa malaika watano walishuka wakiwa wamepanda mbuzi, wakawaletea watu masuke ya nafaka, ndiyo maana Guangzhou huitwa pia Mji wa Mbuzi. Katika bustani hiyo kuna Mnara wa Zhenhai wenye ghorofa tano uliojengwa mwaka 1380, ambao sasa ni jumba la makumbusho. Hata hivyo, asubuhi kinachovutia zaidi ni watu: wazee wanaocheza taichi, kinamama wanaocheza ngoma, na wanaume wanaopigiana kwa miguu kishada cha manyoya. Ukisimama karibu nao kwa dakika tano, mtu atakukaribisha.

Jirani na bustani hiyo kuna Msikiti wa Xianxian, na katika mtaa wa Guangta kuna Msikiti wa Huaisheng wenye mnara wa urefu wa mita 36 hivi, mmojawapo wa misikiti mikongwe kabisa nchini China. Mapokeo ya Waislamu wa China yanasema kuwa ulijengwa katika Enzi ya Tang na Sa'd bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, na kwamba kaburi lake liko hapo Xianxian. Wanahistoria wengi wanatia shaka, na vitabu vya Kiarabu vinasema alizikwa Madina. Lakini hakuna anayepinga kuwa mabaharia Waarabu na Waajemi walifika Guangzhou zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Siku ya Ijumaa, mtu wa Zanzibar, wa Muscat na wa Gansu huswali hapo katika safu moja.

Anayependa kimya aende kisiwa kidogo cha Shamian, ambacho Waingereza na Wafaransa walikitwaa baada ya vita vya katikati ya karne ya 19. Majumba yao ya mawe bado yapo, chini ya miti mikubwa ya jamii ya mikuyu yenye mizizi inayoning'inia. Anayetaka kuufanyisha kazi mwili apande Mlima Baiyun, ambao kilele chake kina mita 382, pamoja na wazee wanaoupanda tangu alfajiri. Na usiku, kivuko cha abiria katika Mto Zhujiang kitakuonesha taa za mji kwa yuan chache tu, pamoja na Mnara wa Guangzhou wenye urefu wa mita 600 uliofunguliwa mwaka 2010.

Wakati mzuri wa matembezi ni kuanzia mwezi Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Februari hadi Aprili, hewa yenye joto na unyevu kutoka baharini hukutana na kuta zilizopoa wakati wa baridi, nazo kuta hutokwa na maji kana kwamba zinalia. Nguo hazikauki kwa siku kadhaa, na wenyeji hufunga madirisha badala ya kuyafungua. Mgeni anayefungua dirisha ili chumba kikauke hukilowesha zaidi.

Hata hivyo, tusingekuwa wakweli kama tungeeleza mazuri peke yake. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya COVID-19, Waafrika wengi mjini Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, na wengine walilazimishwa kukaa karantini bila ya kuwa na maradhi. Baadhi yao walikuwa na viza halali na kodi waliyokwisha kulipa. Serikali kadhaa za Afrika zililalamika, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing walipeleka malalamiko yao kwa maandishi. Idadi ya Waafrika mjini humo ilipungua sana, na wapo walioapa kutorudi. Hati safi na adabu ya mezani hazikuwakinga watu wale, na si haki kuwaambia kwamba kosa lilikuwa lao. Wengine wamerudi tangu China ilipofungua tena mipaka yake mwezi Januari mwaka 2023. Kila mmoja ana hesabu yake, na sisi hatuwezi kumpigia.

Tunachoweza kusema ni hiki. Katika mji mkubwa, mgeni asiyejulikana na yeyote ni rahisi kuogopwa, na mwenyeji asiyejulikana na mgeni ni rahisi kuchukiwa. Serikali zina wajibu wao katika jambo hilo. Lakini kwenye meza ya chai ya Liwan hakuna serikali, kuna mfuniko wa birika na mkono wa jirani. Kwa hiyo, msikilizaji, ukijaliwa safari ya Guangzhou, andikisha makazi yako siku ile ile, kisha litengee soko siku zake zote isipokuwa asubuhi moja. Asubuhi hiyo amka mapema, nenda mahali palipojaa wazee, ukae utakapokalishwa. Maji yakiisha, unajua la kufanya.